Nani Achote, Achote Kiasi Gani: Sheria za Majimbo Yanayozunguka Maziwa Makuu ya Amerika Kaskazini

Mji wa Waukesha, katika jimbo la Wisconsin nchini Marekani, uko kilomita 27 tu kutoka ufukwe wa Ziwa Michigan. Kwa miaka mingi wakazi wake wapatao 70,000 walikunywa maji ya visima virefu yenye radiamu, madini ya mionzi yanayotoka kwenye miamba ya chini. Mwaka 2010 mji uliomba ruhusa ya kutumia maji ya ziwa. Maji hayo yalianza kutoka bombani Oktoba 2023, miaka 13 baadaye, na kabla ya hapo magavana wa majimbo manane walitakiwa kukubali wote. Angekataa mmoja tu, mji ungebaki na visima vyake.

Joliet, mji wa jimbo jirani la Illinois, nao visima vyake vinaelekea kukauka. Uko mbali na ziwa kuliko Waukesha. Januari 2021 madiwani wake waliamua kununua maji ya Ziwa Michigan kutoka Chicago, na yanatarajiwa kufika mwaka 2030. Hakuna gavana wa jimbo jingine aliyeombwa chochote.

Ukienda ufukwe wa kusini wa Ziwa Erie, upande wa Ohio, kiwanda kipya kinaweza kuvuta karibu lita milioni 9.4 za maji ya ziwa kila siku, kwa wastani, pasipo kuomba kibali cha kuchukua maji. Kinachotakiwa ni kujiandikisha na kutoa taarifa.

Maziwa haya ni ya mfumo mmoja, na sheria mama ni moja: Mkataba wa Maziwa Makuu, uliosainiwa na majimbo manane. Wengi wanaoitaja sheria hiyo huiona kama marufuku ya kupeleka maji nje, wakaishia hapo. Marufuku ipo, na ni kali kweli. Lakini kinachoamua hali ya mto mdogo au kisima cha jirani mara nyingi ni kile kiwango ambacho mtu akikivuka ndipo analazimika kuomba ruhusa. Hicho kila jimbo limejipangia lenyewe, na hapo ndipo penye mambo.

Utajiri unaodanganya macho

Superior, Michigan, Huron, Erie na Ontario kwa pamoja yanabeba takriban moja ya tano ya maji yote yasiyo ya chumvi yaliyo juu ya uso wa dunia, ukiacha barafu. Kwa msomaji wa kwetu, kipimo kizuri ni Ziwa Victoria. Superior lina eneo la kilomita za mraba 82,000 hivi, Victoria karibu 69,000. Kwa macho hayapishani sana. Ila Superior lina kina kirefu mno, hata ujazo wake unazidi ule wa Victoria zaidi ya mara nne.

Mtu akiona wingi huo atauliza, kwani kuna haja gani ya kuhesabu lita? Jibu ni kwamba sehemu kubwa ya maji hayo ni masalia ya barafu iliyoyeyuka maelfu ya miaka iliyopita. Mvua, theluji na chemchemi hurudisha asilimia moja tu hivi kwa mwaka. Ni sawa na mtu mwenye akiba kubwa benki ambaye riba yake ni ndogo: anaweza kuishi vizuri kwa riba, lakini akianza kula mtaji hakuna wa kumrudishia.

Kisha kuna jambo ambalo ukubwa wa ziwa hulificha. Athari ya pampu haianzii ziwani. Huanzia kwenye kijito, kwenye ardhi oevu, kwenye kisima cha jirani. Mto wenye samaki wa maji ya baridi unaweza kufa kwa uvutaji ambao ziwa lenyewe halitausikia kabisa.

Kwa nini majimbo, na kwa nini lazima wakubaliane

Nchini Marekani kugawa maji ni kazi ya majimbo kwanza. Magharibi mwa nchi, palipo pakavu, kanuni ya zamani ni kwamba aliyetangulia kuyatumia ndiye mwenye haki ya kwanza. Mashariki, pamoja na eneo la maziwa, mwenye ardhi kando ya maji ana haki ya kuyatumia kwa kiasi kinachofaa bila kuwaumiza wenzake. Kanuni ya mashariki ilitosha enzi za vinu vya kusagia vilivyoendeshwa na mto. Udhaifu wake ni kwamba mahakama huingia madhara yakishatokea: kwanza kisima cha jirani kikauke, kisha jirani ashtaki, kisha athibitishe ni pampu ipi iliyomkausha. Sheria za kisasa za vibali zimetungwa ili swali liulizwe kabla pampu haijawashwa.

Majimbo ya maziwa yalikuwa na hofu nyingine pia. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970 kulikuwa na mazungumzo ya kupeleka maji ya maziwa magharibi kwa mabomba. Mwaka 1982 Mahakama Kuu ya Marekani ikatoa hukumu iliyowatia tumbo joto. Shamba moja lilikuwa limekaa juu ya mpaka wa Nebraska na Colorado. Kisima kilikuwa upande wa Nebraska, mazao yakimwagiliwa pande zote mbili. Nebraska ilikuwa na sheria ya kuzuia maji ya kisima yasivuke mpaka iwapo jimbo la pili haliruhusu nalo maji yake kutoka. Mahakama ikaibatilisha sehemu hiyo, ikisema maji ya ardhini ni bidhaa ya biashara kama bidhaa nyingine, na Katiba hairuhusu jimbo moja kuzuia biashara kati ya majimbo kiholela. Kwa maana hiyo, Michigan ikijitungia peke yake sheria ya "maji yetu hayatoki", sheria hiyo inaweza kuangushwa mahakamani na yeyote mwenye wakili mzuri.

Hatua ya kwanza ilikuwa hati ya mwaka 1985, iliyosainiwa na magavana pamoja na mawaziri wakuu wa Ontario na Quebec za Kanada. Ilikuwa ya hiari tu. Mwaka uliofuata Bunge la Marekani likapitisha sheria fupi: maji hayatatolewa nje ya bonde la maziwa bila kibali cha magavana wote. Sheria hiyo haikusema gavana akatae au akubali kwa vigezo gani. Kura ya turufu isiyo na vigezo ni rahisi kuishambulia mahakamani.

Udhaifu huo ulionekana wazi mwaka 1998. Kampuni iitwayo Nova Group, ya Sault Ste. Marie, ilipewa kibali na jimbo la Ontario cha kupakia maji ya Ziwa Superior kwenye meli na kuyapeleka Asia, hadi lita milioni 600 kwa mwaka. Pande zote mbili za mpaka zikawaka, na kibali kikafutwa. Tukipiga hesabu, lita milioni 600 ni kiasi ambacho mfereji wa Chicago, nitakaoufikia hivi punde, unaruhusiwa kukitoa ziwani kwa muda usiofika saa mbili. Kwa hiyo waliopinga hawakuwa wakiogopa zile lita. Waliogopa mlango: ukishamruhusu mmoja kuuza kwa meli, wa pili utamkataliaje?

Ilichukua miaka saba mingine kupata maandishi ya mwisho. Desemba 2005, mjini Milwaukee, magavana wa Minnesota, Wisconsin, Illinois, Indiana, Michigan, Ohio, Pennsylvania na New York walisaini Mkataba wa Maziwa Makuu. Sambamba nao wakasaini makubaliano ya nia njema na Ontario na Quebec, kwa kuwa Katiba ya Marekani hairuhusu majimbo kufunga mkataba wenye nguvu na nchi ya nje. Mabunge manane yakaupitisha mmoja baada ya mwingine, Minnesota ikitangulia mwaka 2007, kisha Bunge la Marekani. Rais George W. Bush alisaini Oktoba 3, 2008, na ukaanza kutumika Desemba 8 mwaka huo.

Idhini ya Bunge la Marekani haikuwa mhuri wa heshima. Mkataba wa majimbo ukishaidhinishwa na Bunge unakuwa sheria ya taifa, na ile hoja ya 1982 kwamba majimbo yanazuia biashara inakosa pa kusimama. Kuubadili nako kunahitaji mabunge yote manane na Bunge la Marekani tena. Naamini hapo ndipo penye akili kubwa ya kazi nzima: waliijua hatari ya kisheria, wakalijenga jambo lao kuanzia kwenye hatari hiyo.

Mstari wa bonde

Mkataba unachora mstari unaofuata mgawanyo wa maji. Mvua ikidondoka upande mmoja itaishia ziwani, kisha mto St. Lawrence na Atlantiki. Ikidondoka upande wa pili, katika eneo la Waukesha, itaingia mto Fox, kisha mto Illinois, Mississippi, na mwisho Ghuba ya Mexico. Pale Wisconsin mgawanyo huo si mlima. Ni mwinuko mdogo ambao mwenye gari anauvuka bila kujua.

Kutoa maji nje ya mstari huo ni marufuku. Isipokuwa kwa makundi machache. Mji uliokaa juu ya mstari wenyewe, nusu ndani nusu nje, unaweza kuruhusiwa na jimbo lake, mradi maji ni ya huduma ya umma. Mji ulio nje kabisa ya mstari, lakini ndani ya wilaya inayoukalia mstari, unaweza kuomba kama hauna chanzo kingine kinachofaa, na hapo ndipo majimbo manane yanatakiwa kukubali yote. Ontario na Quebec hutoa maoni yao, hazina kura. Aliye nje ya wilaya hizo hana mlango wa kugonga. Arizona hata ikija na fedha zote za dunia, haina fomu ya kujaza.

Maji ya ardhini hayafuati mgawanyo wa juu, yanafuata miamba. Hata hivyo Mkataba umeamua kwamba mstari wa juu ndio utakaotumika kwa maji ya juu na ya chini pia. Ni uamuzi wa kurahisisha utawala, na kila mwanajiolojia anajua gharama yake: kisima kirefu nje ya mstari kinaweza kuvuta maji ya upande wa ziwa bila sheria kukigusa.

Kifungu ninachokiheshimu kuliko vyote ni cha kurudisha. Mji unaoruhusiwa kuvusha maji lazima uyarudishe ziwani baada ya kuyasafisha, yapungue tu kwa kile kilichopotea kwa kawaida, kama mvuke, maji ya bustani na yaliyoingia ndani ya bidhaa. Kifungu hiki kinabadilisha hesabu yote. Swali halibaki kwenye kiasi ulichochukua. Linahamia kwenye kiasi ambacho hakitarudi. Kituo cha umeme kinachovuta maji mengi kupozea mitambo na kuyarudisha karibu yote kinaweza kulipunguzia ziwa maji kidogo kuliko shamba la umwagiliaji lenye pampu ndogo, kwa kuwa ya shambani yanapaa angani.

Waukesha ndiyo iliyokuwa ya kwanza kupitia mlango mgumu, ule wa kura nane. Mji uko kama kilomita mbili na nusu nje ya mstari. Visima vyake vilichimbwa kwenye mwamba wa mchanga ulioko chini ya tabaka lisilopitisha maji vizuri, kwa hiyo mvua haivijazi. Kadiri maji yalivyoshuka, ndivyo radiamu ilivyozidi kuwa tatizo, na serikali ikaushikilia mji utimize kiwango cha maji salama. Mji uliomba lita milioni 38 kwa siku. Juni 21, 2016 Baraza la Mkataba likatoa milioni 31, likapunguza na eneo litakalohudumiwa, likataka maji yote yarudi Ziwa Michigan kupitia mto Root. Kazi nzima iligharimu takriban dola milioni 286.

Mji huu una kumbukumbu yake ya maji. Karne ya 19 ulisifika kwa chemchemi zake. Watu walisafiri kwenda kuoga na kunywa. Mwaka 1892, Chicago ikijiandaa kwa Maonyesho ya Dunia, mfanyabiashara mmoja alitaka kuvuta maji ya chemchemi hizo kwa bomba mpaka Chicago. Wenyeji walipokataa, alileta treni ya vibarua usiku walaze bomba kabla hakujakucha. Kengele zikapigwa, watu wakatoka na bunduki zao, treni ikarudi na vibarua wake. Mji uliolinda maji yake kwa silaha ndio uliokuja kuomba ya wengine kwa makaratasi, na kwangu hilo linaonyesha jinsi mwenye maji leo anavyoweza kuwa mwombaji kesho.

Na Joliet? Illinois ni hadithi tofauti kwa sababu ya mfereji. Januari 1900 Chicago ilifungua mfereji uliogeuza mto wake utiririke kulipa ziwa kisogo, ili majitaka ya mji yasiingie kwenye maji ya kunywa. Majimbo mengine yakashtaki. Baada ya kesi ndefu, Mahakama Kuu iliweka kikomo, na hukumu ya 1967 ndiyo msingi wa kinachofuatwa hadi leo: futi za ujazo 3,200 kwa sekunde, karibu mita za ujazo 90 kila sekunde. Ni takriban mara 250 ya alichopewa Waukesha, na hayarudi. Mkataba haukugusa hukumu hiyo. Haukuwa na namna. Illinois hugawa mgao wake yenyewe kwa miji yake, iwe ndani au nje ya bonde, na Joliet inaingia humo. Mtu anaweza kuiona dhuluma. Mimi naiona kama bei ambayo majimbo saba yaliilipa ili kumpata wa nane mezani.

Kiwango ndicho chenye meno

Tukitoka kwenye mstari na kuingia ndani ya bonde, sheria inalegea. Mkataba unataka kila anayechukua wastani wa galoni 100,000 kwa siku au zaidi, katika siku 30 zozote, ajiandikishe na kutoa taarifa. Hizo ni lita 378,500 hivi. Chukua boza la lita 10,000, ni maboza 38 kwa siku. Kujiandikisha ni kuhesabiwa tu. Kuhusu kibali, yaani mamlaka ya kusema hapana, Mkataba uliyapa majimbo miaka mitano, hadi Desemba 2013, kila moja liweke kiwango chake.

Vilivyotoka vinatofautiana kwa kiasi cha kushangaza. Minnesota, ambayo ilikuwa na utaratibu wake tangu zamani, inataka kibali kwa yeyote anayezidi galoni 10,000 kwa siku, maboza manne tu hivi, au galoni milioni moja kwa mwaka. New York iliweka galoni 100,000. Indiana iliweka milioni tano kwa anayevuta Ziwa Michigan moja kwa moja, milioni moja kwa mito mingi na visima, na 100,000 kwa mito ya samaki jamii ya salmoni.

Ohio ndiko mjadala ulikowaka zaidi. Mwaka 2011 bunge la jimbo lilipitisha muswada uliosema kibali kihitajike tu ukizidi galoni milioni tano kwa siku kutoka Ziwa Erie, milioni mbili kutoka mitoni na visimani, na 300,000 kwenye mito yenye ubora wa juu. Wenye viwanda waliutetea wakisema ziwa ni kubwa na ajira zinahitajika. Magavana wawili wastaafu wa chama kilekile kilichoupitisha, Bob Taft na George Voinovich, waliupinga hadharani. Gavana John Kasich, naye wa chama hicho, akaukataa. Mwaka 2012 ukarudi ukiwa umepunguzwa: milioni 2.5 kwa ziwa, milioni moja kwa mito na visima, 100,000 kwa mito yenye ubora wa juu. Kasich akasaini.

Nina maoni yangu kuhusu hapo. Kwa ziwa lenyewe, hoja ya ukubwa ina ukweli wake. Kwa kijito, hapana. Galoni milioni moja kwa siku kutoka mto mdogo wakati wa kiangazi ni jambo zito, na mtu akiweza kuzivuta bila kuulizwa, jamii inaachiwa ile njia ya zamani ya kusubiri madhara na kwenda mahakamani.

Halafu kuna neno "wastani", ambalo wengi hulipita bila kusimama. Fikiria kiwango cha galoni 100,000 kwa siku kinachopimwa kwa wastani wa siku 30. Jumla ni galoni milioni tatu. Mkulima anaweza kuvuta 290,000 kwa siku kumi mfululizo, akazima pampu siku 20, na asifike kwenye kiwango. Ukinyoosha kipimo kiwe siku 90, kama sheria kadhaa zinavyofanya, kilele kinaweza kupanda zaidi. Umwagiliaji huenda hivyohivyo: hauenei mwaka mzima, unabanwa kwenye wiki chache za Julai na Agosti, wakati ambao mto uko chini na maji yake ni ya moto. Samaki haishi kwa wastani wa miezi mitatu. Kwa hiyo anayesoma sheria ya maji asome kwanza idadi ya siku, kisha ndiyo aangalie idadi ya galoni.

Michigan ilijaribu kulijibu hili kwa njia ninayoiona ya kisomi zaidi. Karibu jimbo zima liko ndani ya bonde. Mtu anayetaka kuweka pampu yenye uwezo wa zaidi ya galoni 70 kwa dakika, ambazo kwa siku nzima ni kama 100,000, huingia kwenye programu ya serikali mtandaoni. Anaonyesha kwenye ramani mahali pa kisima, kina chake, kasi ya pampu na ratiba ya kuvuta. Programu inakadiria mto wa jirani utapungukiwa kiasi gani wakati wa kiangazi, na kutokana na ukubwa wa mto na joto la maji yake inakadiria samaki wataathirika vipi. Mto wa maji ya baridi huvumilia kidogo. Mto mkubwa wa maji ya vuguvugu huvumilia zaidi. Matokeo yakiwa mazuri, anajiandikisha na kuendelea. Yakiwa mabaya, wataalamu wa jimbo wanakagua eneo lake mahsusi. Hivyo kiwango hakiwi namba moja kwa kila mahali. Mto wenyewe ndio unaosema. Kasoro ni kwamba programu ni makadirio, na inategemea data za mito midogo ambayo mingi haina kifaa cha kupimia.

Michigan hiyohiyo ndiko suala la maji ya chupa lilikowachoma watu. Mkataba unasema maji yakipelekwa nje ya bonde kwenye chombo kinachozidi lita 20 hivi, huko ni kuyahamisha, na ni marufuku. Chombo kidogo kimeachiwa jimbo liamue. Mwaka 2016 kampuni ya Nestlé iliomba kuongeza uvutaji wa kisima chake karibu na Evart kutoka galoni 250 hadi 400 kwa dakika. Serikali ilipokea maoni zaidi ya 80,000 ya kupinga na 75 ya kuunga mkono. Aprili 2018 iliidhinisha, ikieleza kwamba sheria inapima athari kwa mazingira na kampuni ilikidhi vigezo. Ada ya mwaka ilikuwa dola 200. Wakati huo watu wa Flint, katika jimbo hilohilo, walikuwa wametoka kunyweshwa maji yenye madini ya risasi na kutumiwa ankara. Sheria ya kiasi cha maji haikuwa na kifungu cha kujibu uchungu huo. Baadaye Nestlé iliuza biashara yake ya maji ya Amerika Kaskazini.

Kuna pengo moja jipya. Viwango vyote hivi humhesabu anayechota kwenye chanzo. Mteja anayeunganishwa na bomba la mji hahesabiwi, unahesabiwa mji. Mwaka 2018 Wisconsin iliuruhusu mji wa Racine kuvusha galoni milioni saba kwa siku kwenda Mount Pleasant, kijiji kilichokaa juu ya mstari, hasa kwa ajili ya kiwanda cha Foxconn, kampuni ya vifaa vya elektroniki. Milioni 2.7 kati ya hizo zisingerudi. Wanamazingira walipinga, wakisema "huduma ya umma" haikukusudiwa kampuni moja, wakashindwa. Kiwanda hakikufikia ukubwa ulioahidiwa, na leo eneo hilo Microsoft inajenga vituo vya data, ambavyo navyo ni wateja wa bomba. Kwenye rejista ya Mkataba hutaviona kwa majina yao. Sheria iliyotungwa ili umma ujue nani anachukua nini inapaswa kumuona na mteja mkubwa aliye nyuma ya mita ya mji, na sioni sababu nzuri ya majimbo kuchelewa kulirekebisha hilo.

Upande wetu wa Ziwa Victoria

Tanzania nayo imegawa nchi kwa mabonde. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inazo bodi za maji za mabonde tisa, na mwenye kuchepusha au kuvuta maji kwa mradi huomba kibali cha kutumia maji kwenye bodi. Lakini kuhusu kutoa maji nje ya bonde la ziwa linaloshirikiwa na nchi kadhaa, hatujawa na kitu kinachofanana na ule mstari. Bomba linaloanzia Ihelele, Misungwi, limefikisha maji ya Victoria Kahama na Shinyanga, kisha Nzega, Igunga na Tabora. Tabora iko upande unaotiririkia Ziwa Tanganyika. Kwa lugha ya Mkataba wa Marekani, hiyo ingeitwa kuhamisha maji nje ya bonde, na ingedaiwa mpango wa kuyarudisha.

Hilo si lawama kwa bomba. Watu wa Shinyanga na Tabora waliteseka kwa ukame muda mrefu mno, na Tanganyika ilishatangaza mwaka 1962 kwamba haifungwi na makubaliano ya 1929 kati ya Uingereza na Misri kuhusu maji ya Nile, mto unaotoka Ziwa Victoria. Ni suala la kanuni za kesho. Mkataba wa Ushirikiano wa Bonde la Nile ulianza kutumika Oktoba 13, 2024 baada ya Ethiopia, Rwanda, Tanzania, Uganda, Burundi na Sudan Kusini kuuridhia. Misri na Sudan zimeukataa. Unataka maji yatumiwe kwa usawa na kwa kiasi kinachofaa bila kumletea jirani madhara makubwa. Hautaji lita, hautaji wastani wa siku ngapi, hauna kifungu cha kurudisha. Unaanzisha kamisheni ya bonde, na kazi hiyo ya namba itaiangukia. Ningependa wajumbe wake wakae na watu wa Ohio na Michigan wasikie viwango vile vilipiganiwa vipi, na waamue mapema iwapo mgodi, shamba kubwa au kiwanda kilichoungwa kwenye bomba la mji kitahesabiwa kwa jina lake.